Kinyonga na Dawa ya Uso ya Mwaka Mzima

"Nyinyi hapo, mmekaa?"

"Tumekaa!"

"Midomo mmeiacha nyumbani?"

"Tumekuja na masikio matupu!"

"Basi paukwa!"

"Pakawa!"

"Niianze?"

"Ianze, tumekushikilia!"

Zamani, zamani ile wanyama walipokuwa bado wanakaa barazani na watu na kupewa kahawa, palikuwa na kijiji kikiitwa Mng'aroni. Watu wa Mng'aroni walivuna chumvi. Waliingiza maji ya bahari kwenye majaruba, wakayaacha yakauke, wakakwangua kilichobaki. Kazi nyeupe. Kazi ya kuchoma macho.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wageni walipokuwa wakichekwa. Mgeni akija Mng'aroni anavaa pama, ile kofia pana ya ukindu, anadhani amemaliza. Hajamaliza! Kwenye chumvi majua ni mawili. Moja linashuka kutoka juu. Jingine linapanda kutoka chini, linaruka kwenye weupe ule, linakuingia chini ya kidevu, chini ya pua, mpaka ndani ya pama lako. La juu unalizuia kwa pama. La chini je? Kwa liwa. Kile kijiti cha mti unaonukia unakisugua juu ya jiwe kwa maji kidogo, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka utoke uji mzito, halafu unaupaka uso mzima kama mtu anayekandika ukuta. Jasho likiuosha, unasaga tena, unapaka tena.

Na walikuwa na desturi yao. Asubuhi, salamu haiitikiwi mpaka uso umepakwa. Mwamkie mkubwa wako na uso mtupu, atakutazama kama anautazama mlango. Nenda ukapake, urudi uamkie upya. Siku ya jua, siku ya mawingu, siku ya harusi, siku ya msiba, ni hivyo hivyo.

Katika kijiji hicho aliishi Mize. Mjane, hasira zake karibu, maneno yake yamenyooka. Ukimuuliza kama mchuzi wako umekolea, na mchuzi haukukolea, utajuta kuuliza. Watu walimwogopa, lakini kama unataka liwa isiyotiwa unga, ulikwenda kwa Mize.

Liwa hakufundishwa na mtu. Mama yake hakuwa na la kumfundisha. Mama yake alikuwa mvivu wa kupaka. Leo kuna mawingu, naacha. Leo natoka kidogo tu, naacha. Leo nimechelewa, naacha. Akasalimiana na wavivu wenzake huko njiani, siku zikaenda. Kikatoka kipele puani, kidogo kama punje ya mtama. Kipele kikawa kidonda. Kidonda kikakataa kupona, kikaila pua. Mize, msichana bado, ndiye aliyekiosha. Ndiye aliyefukuza nzi. Ndiye aliyemvisha mama yake sanda, akamfunika uso ule ambao watu walikuwa hawataki tena kuutazama.

Tangu hapo akalishika jiwe. Alisaga vibaya, akasaga tena, akaharibu, akaanza upya, mpaka mkono ukajua wenyewe. Na alikuwa na binti mmoja tu, Kazija, pua ile ile ya bibi yake. Mnaelewa ninavyosema? Pua ile ile.

Basi. Masika yalikuwa yanaisha, mawingu bado yametanda, ndipo alipoingia Kinyonga. Jani la mgomba kichwani, kifuu cha nazi mkononi. Akakaa barazani kwa Jumbe Shekue, mkubwa wa kijiji, akanywa kahawa, akajifuta mdomo, akaanza.

"Watu wa Mng'aroni, poleni! Poleni sana! Alfajiri kwaru-kwaru. Adhuhuri kwaru-kwaru. Maisha yenu yote ni kwaru-kwaru! Mtapumzika lini? Mimi ninayo dawa ya mwaka. Unapaka mara moja, inazama, haionekani, na mwaka mzima jua halikujui hata jina."

"Wacha wee!" wakasema watu.

"Nitazameni mimi."

Akaweka jani chini. Akachovya kidole kwenye kifuu, akajipaka tone shavuni, akatoka uwanjani palipong'aa kidogo. Uso uliokuwa wa rangi ya udongo ukawa kijani, ukameremeta kama jani lililonyeshewa. Akageuka kulia, wakaona. Akageuka kushoto, wakaona. Halafu akarudi chini ya jani lake upesi, upesi wa kinyonga, mnaujua.

Watu wakapiga makofi!

Jamani. Kinyonga! Kinyonga anageuza rangi ya uso, na watu wazima wenye ndevu wanasema ni dawa! Msicheke. Wewe unayecheka hapo nyuma, kile kikopo ulichonunua gulioni kwa sababu muuzaji alikuwa na mashavu laini, ulimuuliza mashavu alizaliwa nayo au vipi? Haya, tuendelee.

"Bei yako?" akauliza Jumbe Shekue.

"Bei? Mimi si mtu wa bei, Jumbe. Mimi nawahurumia. Nipeni tu yale mawe yenu ya kusagia. Mtayafanyia nini tena?"

Wakaona huyu ni mjinga kuliko wao. Dawa ya mwaka kwa jiwe chakavu! Wakakimbia majumbani. Wakaleta mawe ya mama zao, mawe ya bibi zao, mengine yamesuguliwa mpaka yameingia shimo katikati. Kinyonga akayalundika chini ya mkadi, palipo kivuli kizito, na yeye akalala juu yake.

Mize hakuleta. Alisimama mlangoni mwake, mikono kiunoni, akatazama watu wakipita na mawe kama siafu.

"Mize, huleti?" akamwita Bi Kidawa, jirani yake.

"Nilete jiwe langu kwa mtu ambaye sijamwona akikaa juani?"

"Una wivu! Sasa hakuna atakayekuomba liwa, ndiyo maana!"

"Kidawa, pita na jiwe lako. Siku ukilitafuta usije kunilia hapa."

Akaingia ndani. Akamkuta Kazija anatoka kwa mlango wa uani, uso umeshapakwa dawa ya kifuu, imezama, haionekani.

"Mama, nimechoka kuamka gizani kusaga," akasema Kazija. "Wenzangu wote wamepaka."

Hasira ya Mize ilikuwa kubwa, haikupita mdomoni.

Asubuhi Kazija akaja. "Shikamoo, mama."

Mize alikuwa anashona pama lake. Akaendelea kushona.

"Mama, shikamoo!"

"Nasikia sauti, sioni uso uliopakwa."

"Nimepaka ya mwaka!"

"Iko wapi?"

"Imezama."

"Basi na marahaba yangu imezama."

Kazija akaenda jarubani na salamu yake mkononi. Siku hiyo palikuwa na mawingu. Uso haukuungua, au hivyo alivyofikiri. Kijiji kizima kikasema dawa kali! Wakasahau kwamba wingu ni shuka tu, jua liko nyuma yake linakutazama.

Asubuhi nyingine. "Shikamoo, mama." Kimya. Mashavu ya Kazija yalikuwa yamekaza, yanawaka, ameyashika kwa viganja.

"Yanawasha?" akauliza Mize.

"Bwana Kinyonga anasema ikiwasha, ndiyo inaingia."

Mize akauma uzi wa kushonea mpaka ukakatika.

Asubuhi nyingine tena. Mawingu yalikwisha kuondoka. "Shikamoo, mama." Kimya. Shavu lilikuwa linabambuka, ngozi inaning'inia kama karatasi.

"Na hii anasemaje?"

"Anasema ngozi ya zamani inatoka, mpya inakuja." Lakini sauti ya Kazija ilikuwa imepungua. Akageuza uso kwenye mwanga, na Mize akaona. Puani, upande ule ule wa bibi yake. Kipele. Kidogo kama punje ya mtama.

Jiwe alilokuwa akisagia lilimtoka Mize mkononi, likaanguka, likamkosa kidole cha mguu kidogo tu. Aliona kitambaa cha kuoshea kidonda. Aliona nzi. Aliona sanda. Halafu akatoka mbio, pama halijafungwa, mpaka chini ya mkadi.

"Toka hapo nikuone!"

"Karibu, Bi Mize, karibu kivulini," akasema Kinyonga, amejinyoosha juu ya mawe.

"Sikuja kukaa kivulini. Nimesema toka."

"Niko vizuri hapa, dada yangu."

"Mimi si dada yako. Unauza dawa ya jua, mbona hujawahi kukaa juani hata kuku amalize kunywa maji?"

Jicho moja la Kinyonga lilimtazama Mize. Jingine lilikwisha kuanza kutafuta jani jingine.

"Binti yangu ametoka kipele."

"Ah! Hicho kipele, mama, si cha jua. Ni cha jiwe. Dawa yangu haipatani na liwa. Palipo na jiwe moja linasaga, nyuso zote kijijini zinaharibika." Akatabasamu. "Kumbe ni wewe unayewaunguza wenzako!"

Mnasikia ujeuri huo? Amewaunguza yeye, na mwenye kosa ni aliyekataa kuungua!

Jioni ile ile baraza likaitwa. Watu walikuja na nyuso zao, na nyuso zenyewe, astaghafiru! Jumbe Shekue masikio yalikuwa yamevimba, hagusi kilemba. Bi Kidawa shavu limepasuka kama muhogo uliosahauliwa motoni. Na bado walikuja kumhukumu Mize!

"Bi Mize," akasema Jumbe, "kijiji kinaumia kwa ajili ya jiwe lako. Lilete."

"Lilete!" wakasema watu.

"Mvunjieni hapo hapo!" akasema Bi Kidawa.

Mize aliwatazama. Ulimi ulikuwa unamcheza. Alikuwa na matusi tayari, mazuri, yamepangwa kila mtu na la kwake. Akamtazama Kazija amejiinamia ukutani, ameficha pua kwa ncha ya kanga. Akayameza matusi.

"Nitalileta," akasema.

Watu wakashusha pumzi.

"Nitalileta kwa mikono yangu miwili. Lakini kesho tunakwangua chumvi mpya, na siku ya mkwanguo mgeni wa heshima hulinda lundo la kwanza, tangu jua litoke mpaka litue. Hiyo ni desturi, au mmeshaitoa nayo kwa kifuu?"

"Ni desturi," akasema Jumbe.

"Na mgeni wetu ni nani?"

Macho yote yakamgeukia Kinyonga. Macho yake mawili yakaenda huku na huku.

"Mimi? Heshima kubwa mno. Mimi mtu mdogo. Mpeni mwingine."

"Mgeni akatae lundo la kwanza?" Jumbe akakunja uso, akaumia, akaukunjua. "Hiyo ni kututukana, bwana."

"Basi nitakuja na jani langu."

"Kitu kibichi hakiingii kwenye chumvi mpya," akasema Mize. "Hata mtoto anajua."

"Basi na pama."

"Pama la nini? Wewe si umepaka ya mwaka?"

Watu wakacheka. Kinyonga naye akacheka, kicheko cha jino moja.

Mize akasimama katikati ya baraza. "Sikieni neno langu. Jua likitua naye hajaomba liwa, jiwe langu mtalivunja, na dawa yake nitaipaka mimi mwenyewe mbele yenu. Akiomba liwa, mawe yote yanarudi. Nani anakataa?"

Nani angekataa? Kinyonga mwenyewe angesema nini? Akasema, "Sawa." Na aliposema sawa, rangi ilimtoka kidogo.

Kesho yake jua likachomoza safi, bila wingu. Wakamweka Kinyonga juu ya lundo la kwanza, katikati ya jaruba. Weupe mbele, weupe nyuma, weupe kulia, weupe kushoto. Hakuna mti, hakuna jani, hakuna kivuli hata cha unyasi. Jua la juu likashuka. Jua la chini likapanda. Na hatua chache kutoka pale Mize akakaa, pama kichwani, uso umekandikwa mpaka shingoni. Akaweka jiwe lake mapajani, akaanza.

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Asubuhi, Kinyonga akawa kijani. "Mnaona?" akapaza sauti. Watu wakashangilia.

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Jua likapanda, Kinyonga akawa manjano. "Dawa inabadilisha nguvu," akasema, lakini hakuna aliyemuuliza. Watu wakatazamana.

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Jua likasimama utosini, Kinyonga akawa mweupe kama chumvi aliyokalia, kinywa wazi, anahema. Akaukinga uso na jua kwa mkono, akaungua kidevu. Akaficha kidevu, akaungua pua. Hapo akaamua kukimbia. Kukimbia! Akanyoosha mguu mmoja. Akausitisha hewani. Akayumba mbele. Akayumba nyuma. Akauweka chini, chumvi ikamchoma, akaurudisha. Jaruba pana, na yeye hata lundo hajashuka.

"Bi Mize," akanong'ona.

Kwaru. Kwaru.

"Bi Mize, mama yangu. Nipe kidogo."

"Kidogo cha nini?"

"Cha hicho."

"Sema kwa sauti. Bi Kidawa hasikii vizuri."

"Nasikia sana," akasema Bi Kidawa, ameshika shavu lake, "lakini aseme!"

"Liwa!" akapiga kelele Kinyonga. "Nipakeni liwa, nakufa! Rangi ni yangu, nilizaliwa nayo! Dawa yenyewe ni mate na udongo! Mawe nilitaka kuja kuwakodishia wenyewe nyuso zenu zikishaiva! Liwa, jamani, liwa!"

Ukelele ukapanda jaruba lote. Watu wakaokota vibao vyao vya kukwangulia, wakamwendea. Jumbe Shekue yuko mbele, masikio yanawaka kwa jua na kwa aibu.

Mize akasimama kati yao. "Rudini! Nilisema akiomba liwa mawe yanarudi. Sikusema akiomba anapondwa. Neno langu halichezewi."

"Ametudanganya!" akasema Jumbe.

"Amewadanganya, ndiyo. Na jana mlikuja barazani ngozi zinaning'inia, mkasema kosa ni langu. Hilo hakulisema yeye kwa midomo yenu. Mlilisema wenyewe. Wewe, Jumbe. Wewe, Kidawa. Kila asubuhi mlikuwa mnalijua la kufanya, mkachoka nalo, mkatafuta wa kuwaambia lisifanywe. Akaja." Akachota liwa kwa vidole, akampaka Kinyonga uso, kwa mkono mzito, wala hakubembeleza. "Hii ya leo. Ya kesho utaisaga mwenyewe."

Wakamrusha nje ya jaruba. Na mpaka leo mtazameni kinyonga. Hatui penye uwazi akatulia. Jani hadi jani. Ananyoosha mguu, anausitisha, anayumba, anafikiria chumvi. Macho yanazunguka, moja linatafuta jua liko wapi, jingine linatafuta kivuli. Na ngozi yake hadi leo inambambuka, inamtoka vipande vipande.

Mawe yakarudi majumbani. Bi Kidawa alilitafuta la kwake siku nzima katika lile lundo la mawe, na alipolipata alipita mlangoni kwa Mize analia. Mize akamkaribisha, akampa maji. Kukumbusha alimkumbusha, si mnamjua.

Alfajiri Mize aliamshwa na sauti uani. Kwaru. Kwaru. Kwaru. Si mkono wake. Mkono mzito, usiojua vizuri, unakosea, unaanza upya. Akabaki kitandani akisikiliza. Hakuinuka kusaidia.

Mlango ukafunguka. Kazija akasimama pale, uso mzima umekandikwa, liwa imemdondokea hadi kifuani. Pua ilikuwa imefunikwa nene kuliko kwingine kote. Chini ya liwa kile kipele kilikuwepo. Kilikuja kunywea baadaye, kikaacha alama, na alama haikuondoka tena. Lakini asubuhi ile hakuna aliyelijua hilo.

"Shikamoo, mama."

Mize alimtazama. Akanyoosha kidole, akajazia palipoachwa, chini ya pua, pale jua la chini linapopenda kuingilia.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba. Marahaba." Akamlipa na zile za nyuma zote.

"Ngano imefika wapi?"

"Imefika kwetu!"

"Basi nimeikung'uta, mkononi sina hata chembe ya chumvi. Aliyeipenda aende nayo. Asiyeipenda aniachie hapa hapa. Ila kesho asubuhi, anayenijia na uso mtupu asiniamkie, maana sitamwitikia."